Wimbo Uliobaki Jikoni

Amisa alifika kwangu siku ya Jumatano, saa nane mchana. Kanisa la jirani lilikuwa limefungulia spika zote, na mkwe wangu Sylvie alikuwa kwenye mikrofoni, anamwomba Mungu amtoe mwanaye kwenye muziki wa dunia. Mwanaye huyo, Elikia, mjukuu wangu, alikuwa amekaa sebuleni kwangu na gitaa kwenye paja, anasubiri kuranti iende.

Hilo nilieleze kwanza, maana hata mimi siku ya kwanza nilidhani vijana wamerukwa na akili. Hapa Kikula watu wote wanaomba kuranti, yaani umeme, irudi. Elikia na wenzake wawili wanaomba iende. Kuranti ikikatika, kanisa linanyamaza, kinu cha unga kinanyamaza, baa ya kona inanyamaza, na mtaa wetu unabaki na kuku na upepo wa Julai peke yake. Hapo ndipo Blaise anafungua kompyuta yake ya betri kurekodi, Dodo anaweka mikono juu ya sanduku la nguo analolipiga badala ya ngoma, na Elikia anaimba. Kuranti ikirudi wanaacha, hata kama neno liko katikati ya mdomo. Kwa njia hiyo walikuwa wamepata nyimbo tisa kwa wiki tano.

Kundi lao linaitwa Baridi ya Juni. Kwa albamu tatu walipiga rok yao ya taratibu, na gitaa zao zilipita kwanza ndani ya visanduku wanavyovikanyaga kwa mguu, mpaka sauti ikatoka imetanda kama ukungu wa asubuhi. Wasichana wa Lubumbashi walilia wakiisikia. Mimi nililala vizuri sana. Lakini albamu hii ya nne ilikuwa kitu kingine. Nyimbo zao za zamani walizipiga upya kwa gitaa kavu, bila visanduku, na pamoja nazo waliweka zile zilizobaki nje, ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Jina la albamu ni Bila Kuranti.

Na kati ya zile zilizobaki, moja, waliyoirekodi zamani jikoni kwangu, ndiyo iliyomleta Amisa.

"Hodi, Kambo," alisema mlangoni.

"Ingia, mbanda yangu."

Kwetu kambo, yaani nyanya, ana ruhusa ya kumwita mjukuu wake bwana, na msichana anayempenda mjukuu huyo anakuwa mbanda, mke mwenza. Zamani Amisa alikuwa ananijibu kwamba bwana mwenyewe nimemzeesha, nimwachie yeye. Siku ile hakunijibu. Alikuwa amefunga kitambaa cha bluu chini ya kidevu, na miaka mitano tangu aache kuja kwangu ilikuwa imemkaa usoni vizuri, isipokuwa machoni.

"Kambo, leo sikukuya kwa kucheka. Eli iko?"

"Iko."

"Nitaongea naye. Mais weye utaikala pale pale, na mulango wazi. Sitaki kesho baseme nilifungiwa na mwanaume mu nyumba."

"Nitaikala. Nitalala hata."

"Usilale, Kambo."

"Muzee analala wakati usingizi unamuita. Hapana miye njo ninaamua."

Nilikaa kwenye kiti changu karibu na mlango, nikafumba macho nusu. Watu wakidhani mwanamke mzee amelala wanasema ukweli mbele yake kama mbele ya kabati. Nimepata habari nyingi kwa njia hiyo.

Elikia alisimama. Gitaa lilitaka kuanguka, akalidaka. Kwa miaka mitano nilimwona akimtazama Amisa kila mahali ambapo Amisa hakuwepo, kwenye dirisha, kwenye sahani, kwenye ukuta. Sasa alikuwepo, na yeye akatazama sakafu.

"Amisa."

"Elikia."

"Karibu."

"Nimesha karibia. Balisema mutaweka wimbo ya jikoni ku albamu."

"Nani alisema?"

"Dodo aliambia dada yake. Dada yake anashonaka ku mulango ya kwetu."

Dodo aliinamia sanduku lake kama mtu aliyeona doa.

"Ni kweli," Elikia alisema. "Iko ya mwisho kabisa."

"Tosha sauti yangu. Uitoe kabisa."

Kanisani Sylvie alikuwa anapandisha sauti, inagonga madirisha, na hao wawili ilibidi wasogeleane ili wasikilizane. Kila mmoja alisogea kwa hasira, lakini alisogea. Mimi niliona.

"Amisa, nitatosha je sauti na kuacha wimbo? Ni kama kutosha chumvi mu mboga ya sombe yenye imesha kuiva."

"Basi umwange sombe yote. Ijumaa bazee ba kwa Idriss banakuya kuchukua jibu ya ndoa. Baba atasema ndiyo. Unamujua Idriss?"

"Anaendesha lori ya Kasumbalesa."

"Ni muntu muzuri. Hajanikosea kitu hata kimoja. Na mama yake anasikiliza radio toka asubuhi mpaka magaribi. Siku atasikia sauti ya bibi ya mutoto wake inaita jina ya mwanaume mwingine, unazani atasema nini?"

"Atasema iko na sauti muzuri."

Dodo alicheka. Amisa alimgeukia, na kicheko kikafia pale pale.

Blaise, ambaye ndiye mwenye mashine na mwenye akili za hesabu kati yao, aliingilia kwa adabu. "Amisa, na heshima yote. Ile wimbo inapita zote. Na haina ya pili. Simu yenye tulirekodia ilikufa zamani. Iko humu tu, mu kompyuta. Tukiitosha, imekwenda."

"Vizuri. Kazi itakuwa ya mara moja."

"Isikilize kwanza," Elikia alisema. "Mara moja tu. Ukimaliza ukasema tosha, nitatosha."

"Sitaki kuisikia."

"Unaogopa?"

"Niogope nini? Sufuria?"

Akakaa. Alikaa mwisho kabisa wa kiti, magoti pamoja, mkoba juu ya magoti, kama mtu anayengoja zamu kwa daktari. Na wakati Blaise anatafuta wimbo, kuranti ikaenda.

Sylvie alikuwa amefika kwenye "Bwana, umutoe mu—" na hapo hapo akakatika. Kinu kikajikokota, kikasimama. Kimya kiliingia sebuleni mpaka nikasikia saa ya ukutani, ambayo nilidhani imekufa. Mkono wa Blaise ulikwenda wenyewe kwenye kitufe cha kurekodi.

"Acha," Elikia alisema. "Kwanza ile."

"Eli, kimya kama hii hatutaipata tena leo."

"Cheza ile, Blaise."

Wimbo ulianza na moto wangu. Niliutambua, makaa yale yenye unyevu yanayopasuka pasuka. Halafu sufuria, maji yakitaka kuchemka. Halafu gitaa kavu, na Elikia wa miaka ishirini na nne akiimba polepole kana kwamba anaogopa kuamsha mtu. Kwenye ubeti wa pili akaingia Amisa, chini yake kidogo, sauti nzito isiyo na haraka. Hawakuwa wanaimbia watu. Mmoja alikuwa anaimba, mwenzake akimkatia vitunguu, na simu ilikuwa juu ya ndoo.

Nilichungulia. Amisa alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili, na kidole gumba chake kilikuwa kinapiga mapigo ya wimbo juu ya ngozi ya mkoba, bila yeye kujua. Elikia alikitazama kile kidole. Kingine chochote hakukitazama.

Mwisho wa wimbo alisikika msichana anacheka, halafu sauti yake karibu sana na simu: "Eli, utakuya kwetu siku gani?"

Na sauti ya Elikia: "Wiki hii. Kambo atatangulia kwa baba yako."

Hapo nilitamani kuwa nimelala kweli, nami nitasema kwa nini, maana katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua habari za pande zote mbili.

Nilitangulia kweli. Sylvie alikataa kutuma mtu kwa Waislamu, kwa hiyo kazi ya kwenda kwa Papa Abedi, baba yake Amisa, ikaniangukia mimi. Sasa, kwetu mtu hafiki kwenye ukwe na mikono mitupu. Unatanguliza kasie, kreti nzima ya bia, unaiweka kizingitini, wakiipokea unakaa, na hapo ndipo unafungua mdomo. Mume wangu alikuja kwetu hivyo, na baba yake kwa mama mkwe wangu hivyo. Kwa hiyo nilifikiria kila kitu. Nilifikiria kitenge, nilifikiria viatu, nilifikiria maneno mpaka nikayajua kwa moyo. Nikachukua mtu wa baiskeli, akaifunga kasie nyuma kwa kamba, tukaenda. Kitu kimoja tu hakikunipitia kichwani, kwamba kwa Papa Abedi bia haivuki mlango. Na ilikuwa Ijumaa. Na watu walikuwa wanatoka msikitini. Yule wa baiskeli aliitua kasie mbele ya duka, chupa zikalia zote kwa pamoja, na wazee wa kanzu nyeupe wakasimama kutazama.

Papa Abedi aliangalia kasie, akaniangalia mimi, akasema polepole, "Mama, ondoa hii kitu kwangu." Akafunga mlango. Neno langu hata moja sikulisema.

Aibu niliyoisikia njiani siwezi kuieleza. Elikia aliponiuliza, nilimwambia, "Bamekataa, bwana yangu. Njo mambo ya dini." Kusema dini kulikuwa rahisi kuliko kusema kambo yako ni mjinga. Ile kasie tuliinywa na jirani yangu Kabamba kwa siku mbili, kwa huzuni.

Sasa wimbo ulikuwa umekwisha, na Amisa alikuwa anamtazama Elikia.

"Umejisikia vile ulisema? Kambo atatangulia."

"Alitangulia."

"Ndiyo. Na kasie ya pombe. Siku ya Ijumaa, mbele ya imamu, mbele ya batu bote. Baba alimaliza wiki mzima hatoke mu nyumba. Batu balimucheka ku soko: Abedi, balikuletea bya kunywa? Na miye niliikala mu chumba, ninajiuliza. Kama hanitaki angesema hanitaki. Juu ya nini kututukana?"

"Kasie gani?"

"Elikia, usifanye kama haujue."

"Amisa. Kasie gani?"

Nilifumba macho yote mawili nikakoroma. Sijawahi kukoroma kwa bidii kama siku ile.

"Kambo," Elikia alisema.

Nikakoroma.

"Kambo, ukilala kweli haukoromaka."

Nikafungua macho. Wote wanne walikuwa wananitazama, na kuranti haikutaka kurudi kunisaidia.

"Ni miye," nilisema. "Hakunituma na kasie. Alinituma na neno. Kasie niliiongeza miye, juu kwetu njo heshima. Sikufikiri ni nyumba ya nani. Baba yako alifunga mulango mbele nifungue kinywa. Nikarudia, nikamuambia huyu bamekataa."

Nilingoja mtu anifokee. Kufokewa kuna mwisho wake. Hakuna aliyefoka. Dodo aliinuka aende nje, akaona mimi ndiye niliyeziba mlango, akakaa tena. Elikia alilaza gitaa kwenye kochi, uso chini, kama mtoto anayelazwa.

"Miaka tano, Kambo."

"Miaka tano."

"Na nilikuwa ninakula mu sahani yako."

Alisema hivyo tu. Nimezika mume, nimezika watoto wawili, lakini sentensi ile ilipata mahali pake pa kukaa.

Nilimgeukia Amisa. "Mutoto wangu, niliwaletea heshima ya kwetu ku nyumba ya kwenu, na sikuuliza. Kama unataka kunitukana, tukana. Nitasikia yote."

Mdomo wake ulikuwa unatetemeka, unataka kucheka na kulia kwa wakati mmoja, na ukashindwa kuchagua. Akauziba kwa ncha ya kitambaa. Nilipodhani ameanza kunihurumia, aliniacha kabisa, akamrudia Elikia.

"Na weye?"

"Miye nini? Umesikia. Sikujua kitu."

"Alikuambia tumekataa."

"Ndiyo."

"Ukaamini."

"Kambo njo alisema."

"Toka hapa mpaka kwetu ni dakika kumi na miguu, Elikia. Dakika kumi. Ungekuya kuuliza: Papa Abedi, munanikatalia nini? Angekufukuza, ndiyo. Mais ningekuona vile unafukuzwa."

Elikia alitazama gitaa lake kwenye kochi.

"Nilikuimba," alisema. "Albamu tatu. Zote ni zako."

"Nilizisikia. Ku radio, kama batu bote. Nilifikiri ni za bibi mwingine, nikamuonea wivu." Sauti yake ilikuwa imeshuka, haina hasira tena, na hiyo ilitisha zaidi. "Batu ba Lubumbashi banajua vile ulilia. Ba mbali kule banajua. Miye njo sikujua, na niko hapa nyuma ya soko. Idriss haimbaka. Alikuya mwenyewe, akaikala mbele ya baba, akasema jina yake. Njo vile tu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasema mu roho, huyu alau amefika."

Nje kuku mmoja alikuwa anaparura mchanga, na hata yeye alisikika.

Blaise alikohoa kidogo. "Eli, kimya inapotea."

"Leta kompyuta."

Blaise alimpa, akidhani watarekodi. Elikia aliiweka magotini, akatafuta, akapata. Blaise aliona anachotaka kufanya, akamshika bega.

"Haina ya pili, Eli."

"Ninajua."

"Njo roho ya albamu. Bila hii tuko na nini?"

"Ninajua, Blaise. Tosha mukono."

Alimgeuzia Amisa kioo cha kompyuta ili aone mwenyewe, kisha akabonyeza, na ilipouliza kama ana hakika, akabonyeza tena. Sauti haikutoka. Nilikuwa nimetegemea angalau kitu kilie. Mkono wa Amisa uliinuka kutoka kwenye mkoba, vidole wazi, kama mtu anayetaka kudaka glasi iliyokwisha kuanguka, halafu ukarudi mahali pake taratibu. Aliyeomba ifutwe ndiye aliyeshtuka kutupita sote.

"Imeisha," Elikia alisema. "Mama ya Idriss asikilize radio yake kwa amani."

"Asante," alisema Amisa. Akasimama, akajifunga kitambaa upya ingawa hakikulegea. "Basi. Mubaki muzuri."

Elikia alikuwa amepiga magoti. Nilidhani anamwomba. Kumbe alikuwa anatafuta viatu chini ya kochi.

"Unaenda wapi?" Amisa aliuliza.

"Kwa baba yako."

"Leo?"

"Ijumaa nitakuwa nimesha chelewa."

"Atakufukuza."

"Basi utaona."

Amisa alimtazama akifunga kamba za viatu, vidole vinamkosea, anafunga, anafungua, anafunga tena. "Na dini? Atakuuliza. Mama yako iko pale kanisani anaomba usikanyage kwetu. Utamujibu nini?"

"Sijue bado. Nitamuambia sijue bado. Mais ataniuliza miye."

Amisa alichungulia njiani huku na huku mpaka nikaanza kusali, mimi ambaye Sylvie amenikatia tamaa. Kisha akasema bila kumtazama, "Hatutembee pamoja mu njia. Tangulia. Nitakuya nyuma na Kambo. Naye ataenda kusema yake mbele ya baba."

Ningeambiwa nichague kati ya duka la Papa Abedi na gereza la Buluo, ningeomba dakika chache za kufikiri. Lakini hakuna aliyeniuliza. Nilivaa viatu.

Elikia alitangulia, sisi nyuma yake hatua kama thelathini. Vumbi la Julai lilikuwa limesimama njiani, na malori ya kutoka Kambove yalikuwa yanaliongeza. Watu walinisalimia, nikaitikia kama mtu mwenye safari ya kawaida. Amisa hakuondoa macho kwenye mgongo wa Elikia.

"Anatembea mbio," alisema.

"Anaogopa. Akienda pole atarudia."

Tukaenda kidogo.

"Kambo, Idriss nilisha kumuambia ndiyo mu roho yangu. Bila kinywa, mais nilisema."

"Ninajua."

"Nitafanya nini?"

"Usiniulize miye, mutoto. Umesha ona vile akili yangu inatembeaka."

Alinishika mkono pale palipo na mtaro, akanivusha, na baada ya mtaro hakuuachia.

Duka la Papa Abedi liko karibu na msikiti. Lilikuwa na giza kidogo kwa kukosa taa, vitenge vimepangwa mpaka juu, na mwenyewe nyuma ya meza anampimia mama mmoja nguo kwa mkono, kutoka ncha ya kidole hadi begani. Elikia alikuwa amekwisha kusimama mbele yake. Amisa aliniachia, akapita mlango wa pembeni wa nyumba. Baada ya kitambo nikaona miguu yake chini ya pazia linalotenga nyumba na duka. Elikia hakuitazama. Niliitazama mimi kwa niaba ya wote wawili.

"Papa Abedi, salama," alisema Elikia. "Niko Elikia, mutoto ya Sylvie. Nimekuya mwenyewe. Nilipashwa kuya miaka tano yenye imepita."

Papa Abedi aliinua macho. Alimwangalia Elikia, kisha akaniona mimi mlangoni, na kabla ya uso aliniangalia mikono.

"Ngoja nimalize na mteja," alisema.

Alipima. Alikata. Alikunja. Yule mama alikwenda, akaja mwingine, akataka kuona vitenge sita na hakuchukua hata kimoja. Papa Abedi alivikunja vyote sita, kingo juu ya kingo, bila haraka. Elikia alisimama. Jasho lilimtoka nyuma ya masikio na baridi yote ile ya Julai.

Duka lilipobaki na sisi, niliingia. Maneno yale niliyoyajua kwa moyo miaka mitano iliyopita yalikuwa yamenitoroka, nikasema yaliyobaki.

"Papa Abedi, ile siku mutoto huyu alinituma kuomba mulango. Hakunituma na bia. Bia ilikuwa yangu, na bujinga ilikuwa yangu. Na nikamudanganya kwamba mumemukataa."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Ulidhani nitakunywa, mama?"

"Sikuzani kitu, Papa. Njo makosa yenyewe. Sikuzani."

Alipitisha mkono juu ya mdomo na ndevu, akauacha hapo muda kidogo. Alichokificha sikukiona. Alipoutoa, uso ulikuwa mgumu kama mwanzo.

"Ijumaa kuna watu wanakuja hapa," alimwambia Elikia. "Walikuja kwa njia inayofaa. Niliwapokea kwa heshima."

"Ninajua, Papa."

"Unajua. Na unajua sisi ni watu gani, na nyinyi ni watu gani."

"Ninajua."

"Sasa unataka nini kwangu?"

Chini ya pazia, mguu mmoja ulipanda juu ya mwingine ukatulia hapo.

"Ninaomba munikatae miye mwenyewe," Elikia alisema. "Ao muniulize kitu chochote, nijibu. Ile siku hamukukataa muntu. Mulikataa kasie."

Kutoka msikitini mwadhini alianza kuita alasiri, koo tupu, maana kuranti ilikuwa haijarudi. Papa Abedi aliweka mkasi mahali pake, akafuta meza kwa kiganja, akavaa kofia. Alizunguka meza akapita katikati yetu hadi barazani, nasi ikabidi tumfuate nje. Akavuta mlango wa chuma, akafunga kufuli, akajaribu kufuli mara mbili. Nilifikiri, basi, ndivyo ilivyo, tumepata tulichokuja kukitafuta.

Alikuwa amekwisha kushuka ngazi aliposimama, mgongo kwetu.

"Ninaenda kusali," alisema. "Nikirudi, nikukute hapa."

Akaenda.

Elikia alikaa kwenye kizingiti. Hakuniangalia. Nilibaki nimesimama kwenye jua, magoti yananiuma, bila kujua kama ninaruhusiwa kukaa popote karibu naye. Watu walipita kwenda msikitini. Mwito ulikwisha. Muda ulikuwa umepita kiasi Elikia alipojivuta pembeni kidogo, macho yake bado njiani, akaniachia nafasi.